Chokaa ya Babu Niliyoikuta Yorkshire

Ukuta wa kwanza ambao niliulizwa maoni yangu Uingereza, niliukosea. Tulikuwa tumesimama, mimi na mzee mmoja mwashi, mbele ya nyumba ya mkulima katika mabonde ya Yorkshire, kaskazini mwa nchi, chini ya ile mvua yao isiyonyesha wala isiyoacha. Mzee akanionyesha mahali ambapo jointi, yaani mijazo baina ya jiwe na jiwe, zilikuwa laini kiasi cha kukwangulika kwa ukucha. Wewe ungefanya nini hapa? Nikajibu upesi, kama mwanafunzi aliyekesha akisoma: ningekwangua huo uchafu wote, nikajaza saruji.

Hakunicheka. Alinizungusha hadi upande wa magharibi, unaopigwa na upepo, ambako mtu mwingine miaka kama 40 nyuma alikuwa keshafanya vilevile nilivyosema. Saruji ilikuwa nzima kabisa, imetokeza ukutani kama mishipa kwenye mkono wa kikongwe. Mawe ndiyo yaliyokwisha. Kila jiwe limeliwa uso, limebonyea ndani inchi moja na zaidi, ukilipapasa linakuachia unga kiganjani. "Fuata maji," mzee akaniambia, kisha akaenda zake kunywa chai.

Mimi ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja. Babu yangu mzaa baba alikuwa mwashi, katika wale waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Nilimdiriki uzeeni, vidole vimepasuka kwa chokaa, na nikimwonea haya mbele ya wenzangu. Baba alipopata vijisenti, jambo la kwanza alilofanya ni kuivisha nyumba yetu lipu ya saruji chini hadi juu. Watoto tulifurahi, maana ukuta haukutumwagia tena unga kwenye nguo za skuli. Babu alipita akaugonga kwa bakora, akasema, "Mmeiziba mdomo," akashika njia ya msikitini. Nilidhani ni maneno ya mzee aliyepitwa na wakati.

Yorkshire nilifikishwa na kutafuta riziki. Kazi iliyopatikana ilikuwa ya kibarua: kubeba mawe, kuchekecha mchanga, kuosha ndoo. Nyumba ile ya mkulima tulikaa nayo miezi 14, na kwa kuwa wenyewe wanaishi humo, sitasema iko bonde gani.

Kwa asiyewahi kuziona nyumba za namna hiyo: ni jengo refu na jembamba, limelala ubavu kwenye mteremko, kisogo limeupa upepo na uso limeuelekeza kusini kuliko na jua, hilo jua lao la mashaka. Watu upande mmoja, ng'ombe na majani makavu upande wa pili, wote chini ya paa moja. Ukipita na gari unaweza kudhani ni ghala lenye madirisha. Kuta zake zina unene wa sentimita 60 hadi 70. Siku ya kwanza nilipoweka mkono kwenye kizingiti cha dirisha, mkono ukaingia ndani hadi kiwiko bila kufika kioo, nikajikuta nimesimama kwenye daka, ule uwazi ndani ya unene wa ukuta, la nyumba yetu Mkunazini.

Juu ya mlango kuna linta ya jiwe zima, na kwenye linta herufi tatu zimechongwa kwa mpangilio wa mafiga: moja juu, mbili chini. Ya juu ni ya jina la ukoo, za chini ni za majina ya mume na mke. Pembeni kuna mwaka. Tarakimu tatu za mwanzo, 167, zinasomeka. Ya nne imeliwa na mvua. Katika karne ya 17 wakulima wa mabonde hayo, wale waliokuwa na hakika ya ardhi yao na wenye kuvuna kitu kwenye kondoo na ng'ombe, walibomoa vibanda vya miti na nyasi wakajenga kwa mawe. Nyumba hizo zimejaa kotekote, na nyingi zina mwaka wake mlangoni. Nilipenda kwamba herufi ya mke imo. Kwetu milango ina nakshi, aya na miaka ya Hijria, lakini sikumbuki mlango wa Unguja nilioona jina la mke.

Sasa ukuta wenyewe. Nilikuwa nikiamini kwamba ukuta wa mawe ni mawe yaliyopangwa mpaka juu, basi. Tulipofungua sehemu iliyofura nikaona kumbe ni kuta mbili. Uso wa nje unasimama peke yake, uso wa ndani peke yake, na katikati kumejazwa vipande, kokoto na chokaa, pengine udongo mtupu. Kinachozishika kuta mbili zisiachane ni mawe marefu yaliyolazwa kukingama, yanayoanzia uso mmoja na kufika wa pili. Mwashi aliyefanya uchoyo wa mawe hayo, ukuta wake utavimba tumbo baada ya miaka, hata kama ni miaka 300. Huu wetu ulivimba kwa sababu katikati kumenyonya maji, vile vipande vikashuka vikajikusanya chini na kusukuma nje. Babu alikuwa na neno lake, kutomea: kujaza nafasi baina ya mawe makubwa kwa chokaa na vijiwe, kimoja kimoja, vikigongwa vikae. Kule nilifundishwa upya kazi hiyohiyo na mtu asiyejua kwamba ina jina la Kiswahili. "Hakuna kijiwe kinachotupwa ndani," alikuwa akinikemea. "Kila kijiwe kinakaliswa."

Na ndipo nikaanza kuyafuata maji kama nilivyoamrishwa. Mvua inapiga ukuta. Jiwe la mchanga, ambalo ndilo lililojengea nyumba ile, linakunywa kidogo. Jointi ya chokaa ni laini na ina vitundu vingi kuliko jiwe, kwa hiyo maji yanapotaka kutoka, upepo ukivuma na jua likitokea, hupitia kwenye jointi. Chumvi zinazobebwa na maji hubaki kwenye chokaa, na barafu ikipasua hupasua chokaa. Baada ya miaka mingi chokaa inachoka, unaikwangua, unatia mpya. Jiwe halijaguswa. Chokaa ni kafara ya jiwe, sina neno jingine lililo karibu zaidi.

Ukitia saruji unageuza mambo. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, nayo haipitishi. Lakini nyumba inacheza kidogo kila msimu, saruji haijui kucheza, inapata nyufa nyembamba kama unywele. Maji huingia kwa ufa na hayatoki kwa jointi. Yanatafuta njia kwenye uso wa jiwe, chumvi inaganda humo, maji yanaganda humo, na jiwe linabanduka ganda kwa ganda. Kafara imekuwa jiwe lenyewe. Kwa ndani hali ilikuwa mbaya zaidi: mtu alipiga lipu ngumu na rangi ya plastiki, na mwenye nyumba alikuwa akiwasha joto mchana kutwa huku ukuta unatoka kuvu nyeusi nyuma ya kabati. Vichwa vya maboriti ya mwaloni, pale vilipoingia ukutani, vilikuwa vimelainika kama muhogo uliochemshwa. Unatia bisibisi inazama.

Kuna kichekesho ambacho mzee alikipenda mno. Saruji iitwayo Portland ilipewa hataza, ile hati ya haki ya mvumbuzi, mwaka 1824, na aliyeipata alikuwa Joseph Aspdin, mwashi wa Leeds, mji wa palepale Yorkshire. Aliipa jina la Portland kwa kuifananisha na jiwe mashuhuri la kusini mwa nchi. Kila tulipong'oa kipande kikubwa cha saruji, mzee alikitupa kwenye toroli na kusema, "Kirudi kwao Leeds."

Ulipofika wakati wa kutengeneza chokaa niliomba niifanye mimi. Nilitaka kulipa deni la lile jibu la siku ya kwanza. Usiku nikampigia simu ami yangu, ambaye alimfanyia babu kazi ujanani.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Huko baridi bado?"

"Bado. Ami, ile chokaa ya babu mlikuwa mnailaza muda gani baada ya kuitia maji?"

Kimya. Halafu kicheko kirefu. "Ala! Wazungu wamekutuma uniulize mimi?"

Akanieleza. Magogo yanapangwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unatiwa. Ikishaungua na kumwagiwa maji inalazwa, na kadiri inavyolala ndivyo inavyokuwa nzuri. "Babu yako akisema iwe kama samli ya baridi. Ukiikata na mwiko ikae, isishuke. Na usiifanyie haraka, chokaa ina moyo wake."

Katika mabonde ya Yorkshire haikuwa tofauti sana. Kwenye milima bado yamesimama matanuri ya mawe, mengi yamefukiwa na nyasi, yamejengwa kwenye mteremko ili mtu amimine kwa juu na kuchota kwa chini. Walikuwa wakitia jiwe la chokaa na makaa kwa tabaka, moto ukifika nyuzi 900 hivi jiwe linaachia hewa yake na kubaki jepesi, jeupe, lenye kiu. Ukilimwagia maji linachemka na kupasuka kama lina jini ndani. Baadaye, likiwa ukutani, linavuta tena ile hewa kidogo kidogo mpaka linarudi kuwa jiwe. Mlima mmoja unatoa vyote: tabaka la jiwe la mchanga la kujengea, na tabaka la jiwe la chokaa la kuunganishia.

Siku moja mzee alinipa kipande cha jiwe hilo la chokaa alichokiokota kwenye kijito, akakilowesha mate kwa dole gumba na kunielekezea. Juu yake kulikuwa na vijiduara vyenye mistari ya katikati kwenda nje, kama kuti la mnazi lililokatwa shina. Nilikijua kitu kile kabla hajasema. Nimekichezea utotoni ufukweni, nimekiona kwenye kuta za nyumba yetu pale lipu ilipobanduka. Tumbawe. Ardhi ile, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, ilikuwa karibu na ikweta, chini ya bahari ya vuguvugu na ya kina kifupi. Chokaa ya Yorkshire nayo ni chokaa ya viumbe vya baharini. Kile kijiwe ninacho hadi leo, kiko juu ya friji, na mke wangu ameshakitishia kukitupa mara mbili.

Basi nikajaza jointi za ukuta wa nyuma, mita nyingi tu, mwenyewe, kwa kujisifu. Ilikuwa mwisho wa Oktoba. Mzee aliniambia niufunike kwa magunia kila jioni na nisipige chokaa yoyote siku ambayo kipimajoto kitashuka chini ya nyuzi 5. Gunia nililielewa, kwani hata babu alifunika kwa gunia bichi, jua lisiikaushe chokaa kabla haijashika. Lakini akilini mwangu adui wa chokaa alikuwa jua, na jua pale halikuwepo. Ijumaa ile nilikuwa na haraka ya kukamata basi. Nikaondoka. Usiku jalidi ikashuka, ile baridi inayougandisha umande juu ya majani ukawa kama unga wa sembe. Jumatatu nikakuta kazi yangu ya siku tatu inamwagika kwa kidole. Maji yaliyokuwemo kwenye chokaa yaliganda, yakafura, yakaivunja kutoka ndani. Niliikwangua yote. Mzee hakusema kitu, alinipa tu kwangulio, na adhabu hiyo ilitosha. Tangu siku hiyo, kabla sijaamini ninachokijua, najiuliza nilikijulia wapi.

Paa lilinifundisha mengine. Limeezekwa kwa mawe, mawe bapa ya mchanga yaliyopasuliwa kwa tabaka, mazito kupita unavyofikiri. Yale ya ukingoni chini tuliyabeba watu wawili kila moja. Kadiri unavyopanda yanapungua ukubwa, hadi karibu na mgongo wa paa unashika jiwe kwa mkono mmoja. Wengi husema ni kwa ajili ya urembo, na kweli linapendeza, ila sababu zilizo wazi ni mbili: uzito mkubwa ukae juu ya ukuta, na maji mengi, ambayo hukusanyika chini, yakute mawe mapana yenye jointi chache. Zaidi ya hapo, unatumia kila jiwe lililotoka machimboni, kubwa na dogo, hutupi kitu. Kila jiwe lina tundu moja na kijiti cha mwaloni kinachoning'inia kwenye papi. Kwa chini, ndani ya dari, walikuwa wamepaka chokaa iliyochanganywa nywele za wanyama kuzuia theluji inayopeperushwa. Nilivunja mawe mawili kwa kuyakanyaga vibaya. Mawe ya aina hiyo hayapatikani dukani, na sitasahau jinsi watu wote walivyonyamaza juu ya jukwaa.

Humo darini, kwenye ukuta wa ubavuni, niliona mstari wa mawe unaopanda kwa mteremko mkali kuliko paa la sasa. Nikadhani ni makosa ya mwashi. Kumbe ni alama ya paa lililotangulia. Zamani nyumba iliezekwa nyasi, na nyasi zinataka mteremko mkali maji yakimbie, sawasawa na makuti. Walipopata uwezo wa kuezeka kwa mawe wakaziinua kuta na kulilaza paa, kwa sababu mawe yakisimama sana yanateleza na uzito unavuta. Nikajua kwamba nyumba ile haikujengwa mara moja, na kuanzia hapo nikawa nasoma kuta kama barua. Kuna mahali mawe yanapangana wima kutoka chini mpaka juu bila kuvukana: hapo ndipo nyumba ilipoishia zamani, kilichobaki kiliongezwa. Kuna mlango uliozibwa ambao sasa ni kabati la vitabu.

Na kuna madirisha yaliyozibwa. Kila mgeni anayekuja anajua kwa nini: kodi ya madirisha. Ni kweli kodi hiyo ilikuwepo, ilianza mwaka 1696 na kufutwa mwaka 1851, na watu walikwepa. Chumba cha maziwa na cha jibini vilisamehewa kodi mradi viandikwe hivyo. Lakini dirisha moja la nyumba yetu, ambalo mwenye nyumba amelisimulia kwa wageni miaka na miaka, lilizibwa kwa sababu nyepesi sana. Tulipotoa lipu ya ndani tukaona ngazi ilihamishwa ikapita katikati yake. Mwenye nyumba alihuzunika kidogo. Nadhani bado anawasimulia ile hadithi ya kodi, na simlaumu.

Madirisha yenyewe ni mafupi na mapana, yamegawanywa kwa viguzo vya mawe, vitatu au vinne kwa safu, na juu yake kuna ukingo wa jiwe uliotokeza kama kope. Kazi yake ni ileile ya kope. Maji yanayoteremka ukutani yanafika hapo, yanatupwa pembeni, dirisha linabaki kavu. Niliwahi kumwona kijana mmoja wa kikosi chetu akitaka kuusawazisha ukingo huo kwa saruji "upendeze". Nilimzuia kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kwa kuwa nilijiona mimi.

Ndani, chumba kikubwa ni cha moto. Meko yake unaweza kuingia ukasimama wima, na juu yake limelala boriti moja la mwaloni, jeusi kwa moshi wa vizazi. Kwenye boriti hilo kuna alama za kuungua zenye umbo la tone la machozi, nyingi, na duara lililokwaruzwa lenye petali 6 ndani. Mzee alisema wataalamu wengi wanaona si ajali, ni watu walioshikilia mshumaa hapo kusudi, kuizuia shari isishuke na dohani, maana dohani ndiyo tundu pekee lisilofungika usiku. Akanitazama kama anayesubiri nishangae. Sikushangaa. Ni kago. Mtu kaikaga nyumba yake. Kwetu utakuta karatasi ya aya juu ya mlango, au hirizi chini ya kizingiti, na watu hawaulizani.

Pembeni mwa meko, ndani ya unene wa ukuta, kuna kijikabati chenye mlango wa mwaloni uliochongwa, hakizidi ukubwa wa mto wa kulalia. Wanakiita kabati la viungo. Kimewekwa karibu na moto ili chumvi na viungo vikae vikavu katika nchi isiyokauka. Wenzangu wakanigeukia wote, mtu wa Zanzibar, wakaniuliza kama karafuu zetu zilikuwa humo. Niliwavunja moyo: nyumba ilipojengwa, Zanzibar haikuwa na mkarafuu hata mmoja. Karafuu zililetwa kwetu mwanzoni mwa karne ya 19. Kama mke yule wa mlangoni alikuwa na karafuu, basi zilitoka Maluku. Hata hivyo nilipokifungua nilinusa. Kilikuwa kinanuka panya.

Chumba cha maziwa kiko kaskazini, upande usiopata jua, kimechimbiwa kidogo ndani ya mteremko, kina rafu za mawe na kidirisha chembamba. Mwezi Julai nilikuwa nikilia chakula humo. Nimeishi katika fleti mpya zenye mashine za hewa ambazo hazikunipa ubaridi kama ule.

Kuhusu ruhusa sitasema mengi, ingawa ndizo zilizotula muda. Nyumba hiyo imeorodheshwa kisheria, daraja la 2, na Uingereza kubadili nyumba ya aina hiyo bila kibali ni kosa la jinai, hata kama ni yako. Na kuna popo. Sheria ya mwaka 1981 inawalinda, tukasimamisha kazi ya paa mpaka waondoke wenyewe. Niliwasimulia kwamba huko Pemba tunao popo wakubwa kama kuku, wanaolindwa Kidike na wageni wanalipa kiingilio kuwatazama. Hawakuamini mpaka nilipowaonyesha picha kwenye simu.

Tarehe 25 Desemba 2020 nilikuwa peke yangu chumbani, kazi imefungwa kwa Krismasi, nikaona kwenye simu Beit al-Ajaib imeporomoka. Jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, lile ambalo watoto wote wa Mji Mkongwe tumekulia kivulini mwake. Watu 2 walifariki. Sikujua na sijifanyi kujua nini hasa kililiangusha. Hilo ni la wahandisi. Ninachojua ni kwamba nilitazama video ile, vumbi jeupe likipanda, na badala ya kuwaza jumba nikawaza ukuta wa chumba cha mama, ile sehemu chini ya dirisha ambayo kila mwaka inapakwa rangi na kila mwaka inavimba malengelenge. Nikampigia ami.

"Ami, gonga ukuta wa chumba cha bi mkubwa. Chini ya dirisha."

"Usiku huu?"

"Gonga tu."

Nikasikia kwa simu: ko, ko, ko. Sauti ya ngoma. Lipu ya baba ilikuwa imeachana na ukuta, imesimama peke yake kama ganda la yai, na nyuma yake maji yamekaa.

Mwaka uliofuata nilirudi kwa likizo ya wiki sita, nikiwa na kwangulio la mzee kwenye sanduku. Mafundi wawili wa mtaani waliniambia waziwazi kwamba nimeharibiwa akili na Ulaya: mtu anatoa saruji nzima atie chokaa? Mmoja alinikadiria bei ya vigae. Ami alitafuta chokaa iliyolala, akaipata kwa mtu anayemjua, akaikata kwa mwiko mbele yangu, akatikisa kichwa, akasema ilazwe tena. Tuliibandua lipu ya ukuta mmoja tu, wa upande wa uani. Ilitoka kwa mabamba makubwa kama milango. Nyuma yake matumbawe yalikuwa meusi kwa majimaji, na ncha ya boriti moja ikabaki mkononi mwangu.

Nilitaka tupige chokaa wiki ileile, kabla sijapanda ndege. Ami alikataa. Ukuta uliokunywa miaka 30, alisema, hauwezi kukauka kwa ajili ya tiketi yangu. Kwa hiyo nimeuacha uchi, mawe nje, na mama analalamika kwamba majirani wanauliza kama tumefilisika. Kila Ijumaa baada ya sala ami anauwekea mgongo wa mkono na kunitumia ujumbe wa sauti. Wa juzi ulikuwa wa sekunde nne. "Huku juu pamekauka, mwanangu. Chini bado majimaji."